Adhabu Isiyotaja Kosa

Katika mazungumzo yetu chuoni juu ya vijana na michezo ya mtandaoni, mwenzangu mmoja, mtu wa elimu na heshima, alisema maneno ambayo sikupata nafasi ya kuyajibu, maana wakati ulikuwa umekwisha na watu walikuwa wameanza kuinuka. Alisema ya kuwa mchezo ni mali ya kampuni iliyoutunga, na mchezaji ni mgeni tu. Basi mwenye nyumba akimtoa mgeni, mgeni hana haki ya kuuliza sababu, bali achukue viatu vyake aende zake. Watu walicheka, na wengi walionekana kukubali. Mimi sikukubali, na naandika hapa kueleza kwa nini. Si kweli ya kuwa mchezaji ni mgeni. Na hata kama angekuwa mgeni, si ada ya watu waungwana kumtoa mgeni usiku bila ya kumwambia alilokosa.

Lakini kabla ya hoja nataka niseme habari ya mahali na mtu, ili ijulikane ya kuwa shauri hili si la hewani.

Wakati wa likizo ya Desemba nilikuwa nyumbani Nyamongo, katika wilaya ya Tarime, mahali ambapo walio mbali hupajua kwa mgodi wa dhahabu wa North Mara, na kwa magwangala, yaani mawe ya kifusi ambayo vijana huyapekua kutafuta chembe zilizosahauliwa na mitambo. Mtoto wa ndugu yangu, kijana wa miaka 19, alinijia asubuhi na uso wa mtu aliyefiwa.

"Baba mdogo, nimefungiwa," akasema.

Nilidhani ni polisi. Akanionyesha simu. Palikuwa na mistari mitatu ya Kiingereza: akaunti imefungwa daima, sababu ni kutumia programu isiyoruhusiwa, uamuzi umekwisha kutolewa. Chini yake palikuwa na kitufe cha kukata rufaa. Alikuwa amekibonyeza, na jibu lilirudi kabla chai yake haijapoa, nalo lilikuwa mistari ile ile mitatu.

Mchezo wenyewe ni ule wa kupigana kwa timu za watu wanne wanne, ambao huchezwa na watu wa dunia nzima kwa saa moja. Kijana alikuwa ameucheza kwa miaka mitatu. Vijana wa pale walikuwa wamechanga fedha zao kwa mashindano madogo ya mwaka mpya, na yeye ndiye aliyekuwa nahodha wa timu yake. Na hapa lazima nieleze jambo ambalo mwenzangu wa chuoni, mwenye simu mbili na kompyuta, huenda hakulifikiri. Simu ile haikuwa ya kijana peke yake. Ilinunuliwa kwa shirika na vijana wanne, nayo ilikuwa imekwisha kutumiwa na mtu mwingine kabla yao. Kila mmoja alikuwa na zamu yake na akaunti yake. Kampuni haikufunga akaunti moja, ilikifunga chombo. Vijana wanne wakatoka mlangoni kwa pigo moja.

Nilifanya upelelezi wa kizee. Niliwaita wote wanne, nikawaketisha, nikauliza. Siku ya kwanza hapana aliyejua kitu. Siku ya tatu mmoja wao, si mtoto wa ndugu yangu, alisema ya kuwa alitia simuni programu ya kuona watu walio nyuma ya kuta, akaitumia usiku mbili, kisha akaiondoa kwa hofu. Basi udanganyifu ulikuwapo. Sitaki kuuficha, maana ningeuficha, hoja yangu yote ingekuwa hila nyingine.

Wako wasomi vijana, baadhi yao wanafunzi wangu, wanaoutetea udanganyifu huo kwa jina la ujanja. Husema ya kuwa fasihi yetu yenyewe humsifu Sungura, na kwamba mnyonge hana silaha ila akili. Hoja hii hunikera zaidi kwa kuwa imevikwa nguo za somo langu. Sungura wa hadithi humdanganya Fisi, Simba na Tembo, wenye nguvu na meno, ambao hawakukubaliana naye kanuni yoyote, nao wangemla. Mchezo ni kinyume cha hayo. Watu wameketi kwa hiari, wamekubali sheria moja, na kila mmoja amekuja bila ya kitu ila mkono wake na jicho lake. Atiaye programu ya kulenga shabaha kwa niaba yake hamdanganyi Simba. Amdanganya sungura mwenziwe. Anamwibia saa zake. Kijana wa Nyamongo aliyenunua kifurushi cha intaneti kwa fedha ya kupekua magwangala, akapigwa na mtu amwonaye nyuma ya ukuta, ameibiwa kama aliyechukuliwa mbuzi zizini.

Tena udanganyifu huo si wa watoto wa vijijini tu. Mwaka 1918 ungeuficha kete kiganjani katika bao, na watazamaji walioinama juu yako wangekushika mkono. Mwaka 2018, katika mashindano ya Counter-Strike yaliyofanyika Shanghai, mchezaji wa timu ya OpTic India, mtu wa kulipwa mshahara, aliketi mbele ya waamuzi akiwa na programu ya kulenga aliyoipa jina la kuandikia barua. Mwamuzi aliposogea kuitazama kompyuta, yeye aliharakisha kuifuta. Timu ikatolewa, naye akafungiwa miaka mitano. Sina neno juu ya hukumu ile. Alionekana, aliulizwa, kosa likatajwa, na miaka ikahesabiwa.

Basi ugomvi wangu si juu ya kuadhibiwa kwa mdanganyifu. Ni juu ya namna ya kumhukumu. Wanaosema ya kuwa mashine ya kampuni haikosei, kwa hiyo hapana haja ya kuuliza, hawajasoma habari za mashine hizo. Mwezi wa Julai 2010 kampuni ya Valve iliwafungia watu wapatao 12,000 waliokuwa wakicheza Call of Duty: Modern Warfare 2, kwa kosa la udanganyifu. Hawakuwa wamedanganya. Mashine ililinganisha faili mbili visivyo, ikawaona wezi. Mkubwa wa kampuni, Gabe Newell, aliandika kuomba radhi, akawarudishia, akawapa na mchezo mwingine bure. Mwezi wa Oktoba 2023 watu walifungiwa katika Counter-Strike 2 kwa sababu tu waliwasha kitu kilicholetwa na AMD, watengenezaji wa vyombo vya picha vya kompyuta, ili mchezo uende upesi. AMD ikalazimika kukiondoa, na waliofungiwa wakafunguliwa baadaye. Mwezi wa Oktoba 2024 Activision ilikiri ya kuwa mlinzi wake wa mashine, aitwaye Ricochet, alikuwa na kasoro iliyowafungia wasio na hatia. Kampuni ilisema ni wachache. Mtu mmoja aliyedai kuitumia kasoro ile alisema ni maelfu, na njia aliyoieleza yatisha kwa wepesi wake: mashine ilikuwa ikitafuta maneno fulani katika kumbukumbu ya kompyuta, hata ikatosha kumpelekea mtu ujumbe wenye maneno hayo, naye akafungiwa kwa kupokea barua.

Tafakari jambo hili, msomaji. Mtu aandikiwa neno "mwizi" kwenye karatasi, karatasi yatiwa mfukoni mwake, na askari asiyejua kusoma zaidi ya neno hilo amkamata. Na katika mambo yote matatu niliyoyataja, waliookoka waliokoka kwa kuwa walikuwa wengi, na wengi wao walikuwa mahali ambapo sauti husikika. Makosa yalipokuwa maelfu, yalionekana. Kosa moja la simu moja ya Nyamongo halina kelele hiyo. Laonekana kama udanganyifu mwingine ulionaswa, na huhesabiwa katika orodha ya ushindi.

Turudi sasa kwa mwenye nyumba na mgeni wake. Mgeni halipi kwa kuketi. Mchezaji hulipa: kwa kifurushi, kwa mavazi ya mchezoni ambayo hununuliwa kwa fedha halisi, na kwa uwepo wake, maana mchezo wa watu wengi usio na watu hauna bei. Yeye ni mpangaji na tena ni sehemu ya nyumba yenyewe. Mwanasheria ataniambia ya kuwa alikubali masharti. Naam, aliyakubali, kwa kubonyeza chini ya kurasa nyingi za lugha asiyoimudu. Lakini Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977, katika ibara ya 13(6)(a), yasema ya kuwa haki za mtu zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine kinachohusika, mtu huyo apewe nafasi ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na apate rufani. Sidai ya kuwa watunga Katiba waliufikiria mchezo wa simu, wala kwamba kampuni ya ng'ambo ni chombo kwa maana ile. Nasema hiyo ndiyo desturi tuliyoiandika juu ya paji la nchi yetu. Na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imekaribia zaidi: humpa mtu uwezo wa kudai kwa maandishi kwamba uamuzi unaomgusa kwa uzito usifanywe na mashine peke yake. Hii ni sheria yetu, imeanza kutumika mwaka 2023, na sijasikia mwalimu hata mmoja akiwafundisha wachezaji habari zake.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nikatae mfano wa mwenye nyumba, nayo ni kwamba mimi ni mtu wa Nyamongo. Sisi twajua maana ya kampuni kuwa mlalamikiwa, karani na hakimu kwa wakati mmoja. Vifo na majeraha ya watu pale mgodini yamefikishwa hadi mahakama ya London. Shauri lililofunguliwa huko mwaka 2013 lilimalizwa nje ya mahakama mwaka 2015. Na utaratibu wa malalamiko ulioendeshwa na mgodi wenyewe ulilaumiwa na RAID ya Uingereza na MiningWatch ya Canada, kwa sababu hii hii: aliyelaumiwa ndiye aliyeketi kupima lawama. Silinganishi damu na mchezo, Mungu aniepushe. Nalinganisha kiti. Mtoto aliyekulia mahali ambapo wazazi wake walipeleka malalamiko kwa mlalamikiwa, sasa abonyeza kitufe cha rufaa na jibu latoka kwa mashine ile ile iliyomhukumu. Akiniambia ya kuwa ndivyo dunia ilivyo, nitamwonyesha wapi kwamba sivyo?

Ningemwonyesha iritongo. Wasomaji wasiojua Kikurya waelewe ya kuwa iritongo ni mkutano wa hadhara wa Wakurya, ambako makosa yalisemwa mbele ya watu. Suzette Heald, mwana-anthropolojia Mwingereza, ameeleza jinsi mkutano huo ulivyotiwa nguvu upya upande wa Kenya mwishoni mwa miaka ya 1990 ili kupambana na wizi wa ng'ombe. Sitausifu kupita kiasi. Mikutano ile ilikuwa ya wanaume, na sungusungu waliofuatana nayo wamepiga watu ambao hawakustahili kupigwa. Lakini hata katika ukali wake, mtu alisimamishwa wima, akaambiwa ng'ombe wa nani, usiku gani, na nani alimwona. Alisema neno lake. Akitiwa hatiani alipigwa faini, na faini ikilipwa, alirudi kuwa mtu. Aliyetengwa alijua mlango wa kurudia uko wapi. Waliyajua hayo wazee wasiojua kusoma, nao walikuwa na hasira ya kweli, maana ng'ombe ndiye mahari, ndiye chakula na jina la mtu.

Wala haki ya namna hiyo haijashindikana katika michezo. Mwezi wa Aprili 2023, katika mashindano ya wazi ya sataranji ya Kenya jijini Nairobi, kijana mmoja mwanachuo alivaa buibui, hijabu na miwani, akajiandikisha kwa jina la kike, akaingia kushindana na wanawake. Aliwashinda wenye sifa. Alishukiwa kwa viatu vyake, na kwa kuwa hakusema neno hata moja. Waandalizi walimwita faraghani wakamwuliza. Alikiri, akaomba radhi, akasema ni shida ya fedha. Pointi alizopata wakapewa wale aliowashinda, na kiongozi wa chama cha sataranji akasema ya kuwa atafungiwa huenda miaka kadhaa, lakini si maisha. Huo ulikuwa udanganyifu wa wazi kuliko programu yoyote, na aliyedanganya aliulizwa. Kadhalika mwaka 2020, walimu wa timu za Counter-Strike walipogundulika kuwa wameitumia kasoro ya mchezo kupeleleza wapinzani, tume iitwayo ESIC ilihukumu watu 37, kila mmoja kwa kipimo chake: wengine miezi michache, mwingine hata miaka mitatu, na waliokiri walipunguziwa. Mtaona basi ya kuwa kipimo kipo kwa wakubwa. Mwalimu wa timu ya Ulaya hupewa miezi. Kijana wa Nyamongo hupewa milele.

Najua jibu la kampuni. Husema kwanza ya kuwa wakieleza ushahidi, wadanganyifu watajifunza njia ya kuukwepa. Hoja hii ina ukweli kidogo, na wameitumia mahali pa hoja nzima. Mahakama humficha mpasha habari, lakini haimfichi mshtakiwa shtaka lake. Kumwambia mtu, "Siku ya tarehe 14, saa nne usiku, katika akaunti hii, programu ya kuona nyuma ya kuta ilitumika," hakumfundishi mdanganyifu chochote ambacho hakijui. Bali kungaliwatosha vijana wangu wanne kujua ilikuwa zamu ya nani. Nilihitaji siku tatu kuipata habari ambayo kampuni ilikuwa nayo tangu dakika ya kwanza. Husema pili ya kuwa wachezaji ni mamilioni na hawawezi kusikilizwa mmoja mmoja. Lakini mamilioni hao hao hutozwa fedha mmoja mmoja, na hapana shilingi inayopotea kwa wingi wao. Husema tatu, au wasemewa na mwenzangu wa chuoni, ya kuwa ni mchezo tu. Lau ungekuwa mchezo tu, wasingeweka walinzi wakali hivyo langoni.

Naomba ruhusa ya neno moja la kazi yangu. Kijana hakusema "akaunti imefungwa," kama ilivyoandikwa kwa Kiingereza. Alisema "nimefungiwa." Kiswahili kilimtia yeye ndani ya tendo, kwa kinyambuo ambacho mtoto wa darasa la tatu hukitumia bila ya kufikiri. Na kitenzi hicho chaita swali lake papo hapo: umefungiwa na nani, na kwa nini? Kila mtu aliyemsikia pale kijijini aliuliza hivyo. Bibi yake, asiyejua mchezo wowote wa simu, aliuliza hivyo. Mistari mitatu ya kampuni iliandikwa kwa ufundi ili swali hilo lisipate pa kushika: hapana mtu aliyefunga, hapana aliyefungiwa, kuna akaunti tu, nayo imefungwa, kama mlango uliosukumwa na upepo. Na lile neno "rufaa" wamelichukua bure. Rufaa hutoka kwenye hukumu kwenda juu. Pasipokuwa na shauri lililosikilizwa, hapana rufaa. Pana kubisha hodi tu.

Kwa hiyo nadai mambo ya kawaida kabisa. Shtaka litajwe, na siku yake, kwa lugha aisomayo mshtakiwa. Kiswahili kina wasemaji wa kutosha kustahili mistari mitatu. Anayeomba kusikilizwa asomwe na mtu mwenye macho. Kosa la kwanza lipewe muda unaohesabika. Na chombo kisiadhibiwe badala ya mtu, maana katika nchi za maskini chombo kimoja ni watu wanne, na pengine ni nyumba nzima. Aliyethibitika kudanganya mara kwa mara, na afungiwe. Sitaandika hata mstari mmoja wa kumtetea.

Timu ya mtoto wa ndugu yangu haikucheza mashindano ya mwaka mpya. Yule aliyekiri alitaka kuwalipa wenzake, nao walimpigia hesabu kwa siku mbili, wakakubaliana atatoa zamu zake za mwezi mzima kama wakipata simu nyingine. Hukumu ambayo niliiona kuwa nzuri kuliko ya kampuni, ingawa walimtukana sana kwanza. Niliporudi kazini nilimpigia simu kijana kumwuliza habari. Aliniambia amekwisha kurudi mchezoni. Amepata simu ya kuazima, na akaunti ameinunua kwa mtu wa mtandaoni, tayari ikiwa na daraja la juu.

"Ya nani, mura?" nikamwuliza.

"Sijui, baba mdogo," akasema. "Ina jina la mtu tu."